Bunge la Canada halikuvunjwa: kitenzi "prorogue" na matumizi yake

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtafsiri wa habari za nje katika redio moja hapa Dodoma. Januari 2025 ilitufikia habari ya Kiingereza kutoka Canada, ikisema Bunge la huko limekuwa "prorogued" mpaka tarehe 24 Machi. Nikaandika "Bunge la Canada lavunjwa". Mhariri wangu akafuta, akaweka "laahirishwa". Ubishi haujaisha mpaka leo. Nani kati yetu alikuwa sahihi? Je, neno hili linafaa kwa Bunge letu pia, au hata kwa vikao vya kawaida kama vya kamati ya harusi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mhariri wako alikaribia zaidi, ila naye hakufika. Wewe ulipotea mbali. Msikilizaji wa Chamwino akisikia "lavunjwa" anaelewa kwamba wabunge wa Canada wamepoteza viti vyao na wananchi wanakwenda kupiga kura. Siku ile hilo lilikuwa halijatokea. Lilitokea wiki kadhaa baadaye, na Kiingereza kililitajia kitenzi kingine kabisa, "dissolve". Nitalifikia.

Tuanze na maana. Kulifanyia Bunge kitendo hiki ni kufunga mkutano wake, yaani kile kipindi kirefu cha kazi chenye ufunguzi rasmi na hotuba ya ufunguzi, bila kuligusa Bunge lenyewe. Mbunge anabaki mbunge. Mshahara wake hausimami. Mawaziri wanaendelea kwenda ofisini. Kinachokoma ni kipindi kile pamoja na kazi zilizokuwa bado mezani: miswada ambayo haijapita, hoja zilizosubiri mjadala, kazi za kamati. Bunge likirudi, linaanza mkutano mwingine kwa hotuba nyingine, na aliyetaka muswada wake uendelee hana budi kuuleta tena, isipokuwa taratibu za nchi yake zimempa njia ya kuufufua.

Wewe ni mtu wa Dodoma, basi tazama shamba la zabibu, iwe Hombolo au Mpunguzi. Mkulima akienda kupumzika kivulini mchana, mzabibu uko vilevile na kazi ataikuta alipoiachia: huko ni kuahirisha. Akiung'oa apande miche mingine, huko ni kuvunja. Lakini baada ya mavuno hushika mkasi akapogoa. Matawi na majani, pamoja na vishada vilivyochelewa kuiva, vinakwenda chini. Shina linabaki, na kutoka kwenye shina lilelile unaanza msimu mwingine. Kupogoa huko ndiko "prorogue".

Sasa naona ni kwa nini nyinyi wawili mlibishana. Tunaoishi mji huu tunalisikia Bunge kila siku, na masikio yetu yamezoea vitenzi viwili tu. Jioni Spika anasema anaahirisha shughuli mpaka kesho saa tatu asubuhi. Mkutano mzima ukifika mwisho, kwa mfano ule wa bajeti unaoanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni, Waziri Mkuu anasimama kutoa hoja ya kuahirisha Bunge, wabunge wanaiunga mkono, na taarifa rasmi inaandika kwamba Bunge liliahirishwa hadi tarehe fulani. Kitenzi ni kilekile, iwe ni kwa usiku mmoja au kwa miezi miwili. Baada ya hapo kinachobaki ni kuvunja, mara moja kila baada ya miaka mitano.

Mazoea hayo hayana ubaya, kwa sababu yanaendana na utaratibu wetu. Kwetu Mkutano ukiisha, muswada uliosomwa mara ya kwanza haufi. Unakwenda kwenye kamati, kisha unarudi Mkutano unaofuata. Anayefunga Mkutano ni Bunge lenyewe kwa hoja yake. Kwa hiyo "kuahirisha" ni neno sahihi kabisa pale Dodoma, hata likihusu mapumziko ya miezi. Kichwa cha ibara ya 90 ya Katiba yetu ya 1977 kinazungumzia kuitishwa na kuvunjwa kwa Bunge, na hata huko kuvunja Rais hajaachiwa afanye atakavyo: ibara inataja mazingira, mojawapo likiwa Bunge kukataa kuidhinisha bajeti ya Serikali. Kwa hiyo ukiniuliza kama unaweza kusema kwa Kiingereza kwamba Bunge letu limekuwa "prorogued" mwishoni mwa Juni, nitakukatalia. Sema "adjourned". Msomaji wa London ukimpa lile neno la kwanza atadhani Rais ametoa amri na miswada imekufa.

(Wenyewe hapa mjini nao huchanganya. Tarehe 27 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alipolihutubia Bunge la 12 na kulifunga, jioni ile vijiwe vya kahawa vilikwisha kulivunja. Kuvunjwa rasmi kulikuwa Agosti.)

Tofauti kubwa kuliko zote, na ndiyo ningependa uishike kuliko nyingine, iko kwa mtendaji. Kitenzi hiki kwa asili kina mtendaji aliye nje ya ukumbi. Bunge hujiahirisha lenyewe. Kwa Waingereza, anayefunga mkutano kwa kitendo hiki ni Mfalme, na Mfalme hutenda kwa ushauri wa Waziri Mkuu. Canada ni Gavana Mkuu anayemwakilisha Mfalme. Hapo ndipo unapopata utamu wa neno, na hapo ndipo linapochafukia siasa. Waziri Mkuu aliyebanwa na wabunge hana uwezo wa kuwaambia waende nyumbani, lakini anaweza kumwendea mwenye mamlaka akaomba ukumbi ufungwe.

Kwa kawaida jambo hili halina makelele. London hutokea karibu kila mwaka, ukumbi unafungwa siku chache tu, na linaambatana na sherehe ambayo ukiitazama utadhani ni igizo: wawakilishi wa Mfalme wamevaa majoho mekundu, majina ya miswada yanasomwa, na karani anatamka kwa Kifaransa cha kale kwamba Mfalme ameridhia. Ni mara chache kitenzi hiki kinapanda mpaka vichwa vya habari, na kikipanda ujue kuna mtu anakimbia kitu.

Mwaka 2019 ndio uliolitoa neno hili kabatini. Boris Johnson, Waziri Mkuu wa Uingereza wakati ule, alimshauri Malkia Elizabeth afunge mkutano wa Bunge kwa takriban wiki tano, kuanzia Septemba hadi tarehe 14 Oktoba, wakati siku ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya ikiwa 31 Oktoba. Malkia aliidhinisha tarehe 28 Agosti. Usiku wa kuamkia 10 Septemba sherehe ikafanyika kati ya mabango na zomeazomea za wabunge. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na tarehe 24 Septemba majaji 11, wote kwa kauli moja, wakasema ushauri ule ulikuwa kinyume cha sheria na kwamba amri iliyotokana nao haikuwa na nguvu yoyote.

Hapa mtafsiri ainue kalamu asikilize. Mahakama haikusema Bunge lirudishwe. Ilisema Bunge halikuwahi kufungwa. Kitendo kilichoonekana na watu wote kwenye televisheni, kisheria hakikutendeka. Bunge likakutana kesho yake, 25 Septemba, na Spika John Bercow akaeleza kwamba kumbukumbu zitasahihishwa, na siku ile zitasomeka kuwa Bunge "liliahirishwa". Umeona? Wenyewe walibadilisha kitenzi kimoja wakaweka kingine, kwa sababu tofauti kati yao ni ya kisheria, siyo ya ladha. Tena kulikuwa na muswada wa ukarabati wa majengo ya Bunge uliopata ridhaa ya Malkia katika sherehe ileile. Sherehe ikiwa haipo, ridhaa nayo haipo. Ilibidi itolewe upya mwezi Oktoba. Mtu akikwambia hayo ni maneno ya kitabuni tu, msimulie muswada huo.

Turudi Canada, kwenye habari yako. Tarehe 6 Januari 2025 Waziri Mkuu Justin Trudeau alitangaza kwamba atajiuzulu chama chake kikishapata kiongozi mpya, na kwamba Gavana Mkuu Mary Simon amekubali ombi lake la kufunga mkutano wa Bunge hadi 24 Machi. Hapo ndipo ulipokutana na kitenzi chetu. Wabunge wote walibaki wabunge. Machi Mark Carney akashika uwaziri mkuu, na tarehe 23 Machi, siku moja tu kabla ukumbi haujafunguliwa, Gavana Mkuu akavunja Bunge kwa ombi lake. Uchaguzi ukafanyika 28 Aprili. Kwa hiyo ndani ya miezi mitatu Bunge lilelile lilifanyiwa vitendo viwili tofauti. Wewe uliyekwisha kulivunja Januari, sijui Machi uliwaambia nini wasikilizaji wako. Huwezi kuchinja kuku mmoja mara mbili.

Hata huko kwao haikuwa mara ya kwanza kuleta vumbi. Desemba 2008 vyama vya upinzani vilikuwa vimekubaliana kuiangusha serikali ya Stephen Harper kwa kura ya kutokuwa na imani na kuunda serikali ya ubia. Kabla kura haijapigwa, Harper alikwenda kwa Gavana Mkuu Michaëlle Jean, na tarehe 4 Desemba mkutano wa Bunge ukafungwa hadi 26 Januari 2009. Ukumbi ulipofunguliwa, ule ubia ulikuwa umeshapoa. Tangu hapo Mkanada wa kawaida hulisikia neno hili kwa shaka kidogo, na nadhani mtafsiri mzuri ataiacha shaka hiyo ipite kwenye habari bila kuiongezea chumvi.

Usidhani lakini kwamba kila palipo na neno hili miswada inakufa. India wamelirithi kutoka kwa Waingereza, Rais wao analo katika ibara ya 85 ya Katiba, lakini ibara ya 107 inasema waziwazi kwamba muswada hautakufa kwa sababu hiyo. Uganda nako wamegeuza mtendaji: Katiba yao inampa Spika uwezo huo baada ya kushauriana na Rais. Kenya, Katiba ya zamani ilimpa Rais. Ile ya 2010 haikumpa, na nchi nzima ikaishi bila kitenzi hicho. Ndiyo maana nasema shika mtendaji na hatima ya wabunge kwanza. Habari za miswada zitafute kwenye Katiba ya nchi husika kila mara, usikisie.

Neno limetoka wapi? Kilatini, "prorogare". Sehemu ya pili, "rogare", ni kuuliza au kuomba. Haina undugu na kuroga kwetu, ingawa wapinzani wa Johnson wangepokea kwa furaha tafsiri ya namna hiyo. Kule Roma lilikuwa na maana ambayo leo utaiona imekaa kichwa chini: kumrefushia mtu muda wa madaraka. Kamanda aliyekuwa vitani akimaliza mwaka wake, wananchi waliulizwa kama aendelee. Mfano wa kwanza unaotajwa ni wa Quintus Publilius Philo, aliyekuwa ameuzingira mji ulioko Napoli ya leo, akaongezewa amri yake mwaka 326 kabla ya Kristo ili asiache kazi njiani. Kwa hiyo mwanzo lilikuwa neno la kuendeleza. Kurefusha siku ya jambo ni kulisogeza mbele, kulisogeza mbele ni kuliahirisha, na Bunge lililosogezwa mbele ni Bunge lililofungwa leo. Neno limetembea hatua tatu fupi likajikuta upande wa pili wa barabara.

Ile hatua ya kati, ya kuahirisha jambo lolote, Kiingereza cha zamani kiliijua. Shakespeare alimpa Romeo aitumie kwa kifo: heri auawe na maadui kuliko kifo chake kicheleweshwe huku akikosa penzi. Matumizi hayo yamekufa. Ukiandika leo kwa Kiingereza kwamba safari yako ya Singida imekuwa "prorogued", utaeleweka kama mtu anayetania. Wapo wanaolitumia hivyo kwa makusudi, kwa mzaha wa kisomi, lakini mzaha huo mwachie mwenye lugha yake.

Jamaa zake wengi unawafahamu kutoka kwenye nyaraka za sheria: "abrogate" ni kufuta sheria, "derogate" ni kupunguza nguvu ya haki au sharti, na "prerogative" ni haki ya pekee ya mkuu. Hii ya mwisho inafurahisha kwa sababu mamlaka ya Mfalme ya kufunga mkutano wa Bunge ni sehemu ya haki zake za pekee, na maneno yote mawili yamechipuka kwenye "rogare" moja.

Matamshi: watangazaji wengi hulikwaza. Herufi "ue" za mwisho hazisomwi, kama zisivyosomwa kwenye "dialogue" na "league". Tamka karibu na "prarogu" huku ukiimeza ile "u" ya mwisho, mkazo ukae kwenye "rog". Wakati uliopita ni "prorogued", bado silabi mbili. Ukiongeza "ing", ile "e" inaondoka: "proroguing". Nomino ni "prorogation", na hapo mkazo unahamia kwenye "gei", kwa "g" nzito ya "gari".

Kwenye sentensi ni kitenzi elekezi: mtu analifunga Bunge. Kutendwa ndiyo sura utakayoikuta mara nyingi, "Parliament was prorogued", na kauli rasmi ya kufungia ni kwamba Bunge "stands prorogued" mpaka tarehe fulani. Waingereza wakati mwingine husema pia Bunge "prorogues" siku fulani, bila kutaja nani amelifunga, sawa na sisi tunavyosema duka linafunga saa mbili. Utakuta magazeti yakiandika kwamba Johnson au Trudeau ndiye aliyefunga. Kwa taarifa ya habari naliona hilo linavumilika, maana kila mtu anajua ombi limetoka kwa nani. Kwa hati ya kisheria usilikubali: Waziri Mkuu anashauri, anayetenda ni mwingine. Siku zote angalia pia tarehe ya kurudi. Habari inayotumia kitenzi hiki bila kutaja mpaka lini haijakamilika, na ni haki yako kuitafuta mahali pengine kabla hujaingia hewani.

Kiswahili chake sasa. Kwa hati rasmi mimi huandika "kufunga mkutano wa Bunge", na mara ya kwanza tu naongeza maelezo mafupi: "bila kulivunja". "Kufunga" pekee haitoshi, maana msikilizaji anaweza kudhani jengo limetiwa kufuli. Kwa redio, ambako hakuna nafasi ya maelezo, napenda "kusitisha vikao vya Bunge hadi" kisha tarehe. Inabeba mamlaka ya nje, haivunji kitu, na ile "hadi" inamwambia msikilizaji kwamba watarudi. "Kuahirisha" ya mhariri wako ingepita kama angeandika "Gavana Mkuu aahirisha", ingawa bado ingemfanya msikilizaji wa hapa afikirie Spika na kesho saa tatu. "Kusimamisha Bunge" siipendi, kwa sababu kwetu anayesimamishwa ni mwenye kosa, kama mbunge aliyeadhibiwa asihudhurie vikao.

Kwa hiyo habari yako ya Januari ningeiandika hivi: "Gavana Mkuu wa Canada amesitisha vikao vya Bunge hadi Machi 24 kwa ombi la Waziri Mkuu Justin Trudeau, hatua inayokipa chama chake muda wa kutafuta kiongozi mpya. Wabunge wanaendelea na nyadhifa zao." Sentensi ya pili ni fupi lakini usiikate hata kama mhariri anadai sekunde zake, kwa kuwa ndiyo inayomwondolea msikilizaji swali la uchaguzi.

Na kamati ya harusi? Hapana. Wala bodi ya shule, wala SACCOS, wala mkutano wa kijiji. Neno hili ni la Bunge na vyombo vichache vyenye sura ya Bunge. Kamati ya harusi huahirishwa na mwenyekiti wake pale watu wanapoanza kuchungulia simu, na hakuna mtu wa nje mwenye amri ya kuifunga, labda baba wa bibi harusi.